Jicho Lililopigwa Leza na Vumbi la Mtito Andei

Mkazi wa Mtito Andei anayeamua kuachana na miwani kwa upasuaji wa leza hupanga safari ya Nairobi au Mombasa. Mji umekaa takribani katikati ya majiji hayo mawili, kando ya barabara kuu, na treni ya SGR husimama hapo. Kufika kwa daktari si kazi kubwa. Leza yenyewe haichukui muda: kila jicho humulikwa kwa sekunde kadhaa, mara nyingi haitimii dakika moja. Lakini jicho haliponi kwenye kiti cha upasuaji. Huponea nyumbani, na nyumbani ni Kibwezi Mashariki, penye vumbi jekundu, jua la karibu na ikweta, upepo wa nyika ya Tsavo na taa za malori usiku kucha.

Ndiyo maana mgonjwa wa huku hana budi kupanga namna ya kupona kabla hajalipia upasuaji.

Konea ni sehemu angavu iliyo mbele kabisa ya jicho. Unene wake ni kama nusu milimita, nayo ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupinda mwanga ili ukutane kwenye retina, nyuma ya jicho. Kwa mtu asiyeona mbali, mwanga hukutana kabla ya kufika huko, na picha hutokea ikiwa na ukungu. Leza hunyoa tabaka jembamba la konea na kubadili mpindo wake, mwanga ukapata kufika panapotakiwa.

Leza inayotumika huitwa ekzaima, na hutoa mionzi ya urujuanimno ambayo jicho haliioni. Mwaka 1981, katika maabara ya IBM jimboni New York, wanasayansi Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum waligundua kwamba mionzi hiyo hukata nyama bila kuunguza sehemu zinazopakana na mkato. Jaribio lao la mwanzo lilifanywa kwa mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Miaka miwili baadaye daktari wa macho Stephen Trokel, akishirikiana na Srinivasan, alionyesha kwamba konea nayo inaweza kuchongwa hivyo, na mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha matibabu hayo kwa wasioona mbali. Kwa kuwa leza hii haiunguzi, konea hubaki angavu baada ya kunyolewa.

Njia zinazojulikana zaidi ni mbili, na hazilingani katika kupona. Katika LASIK, daktari hukata tabaka la juu la konea, akalifunua kama ukurasa wa kitabu, leza ikanyoa chini yake, kisha ukurasa ukarudishwa bila kushonwa. Mgonjwa husikia mwasho na kutokwa machozi kwa saa chache, hulala, na kesho yake wengi huamka wakiona vizuri. Katika PRK hakuna ukurasa. Ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, leza hunyoa, na ngozi hiyo huota upya kwa siku tatu hadi tano, jicho likiwa limefunikwa kwa lenzi laini mfano wa bandeji. Siku hizo huuma kweli. Uwezo wa kuona hurudi polepole, na huweza kuchukua wiki au miezi kabla ya kutulia.

Kwa maelezo hayo LASIK inaonekana kuwa bora, lakini kwa watu wa ukanda huu jambo halijaishia hapo. Ukurasa ule hushika kingoni mapema, ila hauungani tena kwa nguvu ya awali, na pigo kali linaweza kuusogeza hata baada ya miaka. Askari wa wanyamapori anayepita vichakani Tsavo, fundi wa kuchomelea, mkulima anayefyeka miiba, mchezaji wa ndondi: hawa mara nyingi hushauriwa wachague PRK na kuvumilia siku hizo za maumivu. Daktari wa mjini hawezi kujua kwamba mgonjwa wake hushinda vichakani asipoambiwa. Kazi ya mgonjwa na ielezwe waziwazi tangu siku ya uchunguzi.

Baada ya upasuaji, vumbi ndilo adui wa kwanza. Chembe ya mchanga humfanya mtu asugue jicho bila kufikiri, na kusugua ndiko kunakosogeza ukurasa wa LASIK au kukwangua ngozi changa ya PRK. Wiki za mwanzo hutaka miwani iliyofunika pande zote mchana, na kikinga jicho cha plastiki usiku ili mkono usilifikie usingizini. Maji ya bomba au ya kisima yasiingie machoni wakati wa kuoga, na kuogelea kungoje mpaka daktari aruhusu. Huku Ukambani huwa na mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Anayeweza kuchagua tarehe atapata nafuu akifanyiwa wakati mvua imekwisha kulaza vumbi, kuliko katikati ya kiangazi cha Agosti.

Jua ni la pili. Baada ya PRK hasa, mionzi mikali inaweza kuchangia ukungu kwenye konea inayopona, kwa hiyo miwani ya jua inayozuia urujuanimno huhitajika kwa miezi, hata siku za mawingu. Kofia pana husaidia.

Ukavu husumbua kwa njia ya kimyakimya. Leza hukata mishipa midogo ya fahamu ya konea, ile inayoliarifu jicho kwamba machozi yamepungua. Mishipa hiyo huota tena, lakini huchukua miezi mitatu, sita au zaidi. Katika kipindi hicho upepo wa pikipiki au wa dirisha la basi lililo wazi hulikausha jicho haraka, picha ikafifia na kurudi mtu anapopepesa. Matone ya machozi bandia, yale yasiyo na dawa ya kuhifadhi, hutumiwa mara nyingi kwa siku.

Kisha zipo taa. Katika miezi ya mwanzo wengi huona duara za mwanga au miali kuzunguka kila taa gizani. Kwa anayefanya kazi dukani hilo ni usumbufu. Kwa dereva wa lori la Mombasa anayepishana na mamia ya malori usiku ni hatari, na ni lazima akae nje ya zamu za usiku mpaka daktari ampime na kumruhusu.

Dawa ya matone nayo ina kanuni yake. Mgonjwa hupewa antibiotiki ya kuzuia maambukizi na steroidi ya kutuliza uvimbe. Steroidi hupunguzwa kwa ratiba, na baada ya PRK huweza kuendelea kwa wiki nyingi. Kuinunua tena dukani bila kupimwa ni hatari, kwa sababu huweza kupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote na kuwapa nguvu kuvu wanaoshambulia konea. Dawa za kienyeji zisikaribie kabisa jicho. Utafiti uliofanywa Mbarara, Uganda, kwa wagonjwa wa vidonda vya konea ulikuta zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia dawa hizo, na matokeo yao yalikuwa mabaya zaidi.

Wapo pia wasiofaa kupasuliwa. Kijana aliyesumbuliwa na mzio wa macho tangu utotoni na kuzoea kuyasugua anaweza kuwa na konea iliyokonda na kuchomoza. Ikinyolewa, konea hiyo hudhoofika zaidi. Kipimo cha ramani ya konea ndicho hufichua hali hiyo, na bila kipimo hicho hakuna upasuaji wa kuaminika.

Leza nyingine hazihusiani na miwani, na kupona kwake ni tofauti. Ng'ambo ya Tsavo Magharibi, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, watafiti waliwagawa kwa kura wagonjwa 201 wa glakoma, wengine wakapata leza inayofungua njia ya maji ya jicho na wengine matone ya timolol. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja matibabu yalifaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza na asilimia 31 ya yaliyotiwa matone. Leza hiyo haikati konea, na mtu hurudi nyumbani siku ileile akiwa na wekundu au maumivu madogo. Haimrudishii uoni uliokwisha kupotea. Humlinda asipoteze uliobaki, na sharti aendelee kupimwa presha, maana nguvu yake huweza kupungua kadiri miaka inavyopita.

Tukirudi kwenye upasuaji wa kuachana na miwani, kwa wa LASIK ukaguzi wa kwanza ni kesho yake, hivyo alale mjini usiku huo. Wa PRK afadhali akae karibu na hospitali mpaka lenzi ya bandeji itolewe. Ikidondoka akiwa nyumbani asiirudishe mwenyewe, ampigie daktari. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, wekundu unaoongezeka, uoni unaoshuka ghafla au pigo lolote jichoni: kwa hayo haifai kungoja tarehe ya kliniki. Namba ya simu ya dharura, nauli ya kurudi na mtu wa kumsindikiza viwe tayari kabla ya kuondoka Mtito Andei.