DHIFA YA HISANI NA MAKTABA ZA SKULI: FEDHA ZA USIKU MMOJA, VITABU VYA MIAKA MINGI

Miongoni mwa njia zinazotumika kukusanya fedha kwa ajili ya skuli ni dhifa ya hisani, yaani karamu ya jioni ambayo wageni huingia kwa kadi za kulipia, wakala, wakasikiliza muziki au kucheza dansa, na kabla ya kuagana wakatoa michango. Watumishi wa Serikali hualikwa kuhudhuria, au huteuliwa kuwa wajumbe wa kamati, au hukabidhiwa fedha zilizopatikana. Wananchi, kwa upande wao, huuliza baada ya karamu kumalizika: fedha zilizotangazwa zimefika wapi?

Makala haya yanaeleza namna dhifa hizo zinavyofanya kazi, gharama zake, na masharti yanayopaswa kutimizwa ili fedha za usiku mmoja ziwe maktaba ya kudumu. Mfano unaotumika ni wa mji wa Mpanda na Mkoa wa Katavi, Tanzania Bara, kwa sababu huko umbali, idadi ya watoto na uchache wa matajiri huonekana kwa uwazi. Yasemwayo juu ya Katavi yanawahusu pia wakaazi wa Kojani, Tumbatu na kila mahali ambapo kitabu hufika kwa safari ndefu.

ASILI YA DESTURI

Dansa za hisani zilienea katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani katika karne ya 19, pale matajiri walipochangia hospitali na makaazi ya mayatima kwa kununua kadi za kuingilia. Ijapokuwa sura yake ni ya kigeni, maana yake si ngeni kwetu. Katika taarabu, tangu enzi za klabu ya Ikhwani Safaa iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, msikilizaji aliyeguswa na wimbo huinuka akamtunza mwimbaji mbele ya watu. Nchini Kenya, baada ya uhuru wa mwaka 1963, wito wa harambee uliwakusanya wananchi viwanjani, na kwa michango yao zikajengwa skuli nyingi za sekondari.

Kwa hivyo dhifa si lazima iwe na dansa, wala vinywaji ambavyo sehemu ya wageni hawavitumii. Taarabu, ngoma za mahali, mashairi na mashindano ya kusoma ya wanafunzi hutosha kuwakusanya watu. Kiini chake ni mambo matatu: mwaliko wa heshima, kutoa hadharani, na lengo linaloeleweka.

HALI YA MPANDA NA KATAVI

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kugawanywa Mkoa wa Rukwa, na Mpanda ukawa makao makuu yake. Kabla ya hapo Mpanda ulijulikana zaidi kwa njia ya reli itokayo Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi, na kwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974. Upande wa magharibi mkoa unapakana na Ziwa Tanganyika, ambako ipo Karema, kituo kilichoanzishwa mwaka 1879 na misafara iliyotoka pwani yetu.

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 564,604 katika mkoa huo. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,152,958. Katika muda wa miaka 10 idadi imezidi mara mbili. Miongoni mwa wakaazi hao zimo familia za makaazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Watoto wa familia hizo, kama walivyo watoto wa wavuvi wa ziwani na wa wafugaji waliohamia karibuni, hukutana katika darasa moja na kusomeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo si wote wanaoisikia nyumbani. Kwa mtoto wa namna hiyo kitabu cha hadithi si anasa. Ndicho kinachompa maneno ambayo mwalimu mwenye darasa kubwa hana nafasi ya kumpa mmoja mmoja.

Idadi ya watu inapoongezeka kwa kasi hiyo, fedha za Serikali hutangulia kwenye vyumba vya madarasa, walimu na vyoo. Maktaba husubiri, na pengo hilo ndilo ambalo wahisani hutakiwa kulisaidia.

MAKTABA NI KITU GANI

Tanganyika ilitunga Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Disemba 1967. Sheria ya mwaka 1975 iliiunda upya Bodi hiyo kwa jina la Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bodi ndiyo yenye chuo cha ukutubi kilichopo Bagamoyo, ambacho huwafundisha wanaotunza vitabu na nyaraka.

Historia hiyo ina funzo moja kubwa. Kufuatia kampeni ya kufuta ujinga ya miaka ya 1970, maktaba za vijiji zilifunguliwa sehemu nyingi za Tanzania Bara ili watu wazima waliojifunza kusoma wasisahau. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu katika miaka ya 1980, vitabu vipya vilikoma kuletwa, na nyingi ya maktaba hizo zikafifia. Hazikufa kwa kukosa sherehe za ufunguzi. Zilikufa kwa kukosa kitabu cha mwaka wa pili na wa tatu.

Maktaba ya skuli ina sehemu tano: chumba kisichovuja, rafu, vitabu vinavyolingana na umri wa wasomaji, daftari la kuazima, na mtu mwenye saa maalumu za kufungua mlango. Ikikosekana moja, nyingine nne huharibika. Vitabu visivyo na rafu huliwa na mchwa. Rafu zisizo na msimamizi hufungwa kwa kufuli, na mwalimu mkuu akaogopa kumpa mtoto kitabu kisije kupotea.

HESABU YA USIKU MMOJA

Ichukuliwe kwa mfano kwamba kamati imeandaa dhifa ya kwanza katika mji wa kadiri ya Mpanda. Takwimu zifuatazo ni za kukadiria tu, na zimewekwa ili kuonesha njia ya fedha.

Kadi 200 zimeuzwa kwa shilingi 50,000 kila moja, zikapatikana shilingi 10,000,000. Wafanyabiashara wameahidi shilingi 15,000,000. Mnada umeingiza shilingi 5,000,000. Usiku huo mshereheshaji anatangaza shilingi 30,000,000, na ukumbi unapiga makofi.

Asubuhi hesabu ni nyengine. Ukumbi, chakula, muziki na kuchapisha kadi vimegharimu shilingi 8,000,000. Katika ahadi, shilingi 6,000,000 hazikulipwa. Zilizobaki kwa ajili ya vitabu ni shilingi 16,000,000, yaani zaidi kidogo ya nusu ya zile zilizotangazwa.

Hapo ndipo uamuzi mgumu hukutwa. Fedha hizo zikigawanywa kwa skuli 20 ili kila sheha au diwani aridhike, kila skuli itapata shilingi 800,000. Kwa bei ya shilingi 8,000 kwa kitabu, hivyo ni vitabu 100 kwa skuli ambayo huenda ina watoto 900, bila ya rafu wala daftari. Zikipelekwa kwa skuli 5 tu, kila moja itapata shilingi 3,200,000: shilingi 800,000 za rafu, shilingi 2,000,000 za vitabu 250, na shilingi 400,000 za usafiri, matengenezo na akiba ya mwaka unaofuata. Skuli 15 zitasubiri, na kamati lazima iwe na ujasiri wa kuziambia hivyo na kuzitajia mwaka wao.

Usafiri usisahauliwe. Vitabu vingi huchapishwa Dar es Salaam, na hufika Mpanda kwa reli kupitia Tabora na Kaliua, au kwa barabara. Kutoka Mpanda hadi vijiji vya mwambao wa ziwa ni safari nyengine, na hiyo wakati wa masika haina uhakika. Kamati isiyoweka fungu la safari hiyo hujikuta inaviacha vitabu stoo ya mjini.

Kupunguza gharama kunawezekana. Katavi ni mkoa wa asali, mpunga na samaki wa Ziwa Tanganyika. Debe la asali, gunia la mchele au kapu la migebuka likitolewa na mwananchi na kunadiwa, mnada hupata mali bila ya kamati kutumia shilingi, na asiyemudu kadi hupata nafasi ya kuchangia. Aidha, ukumbi wa skuli yenyewe huweza kutumika badala ya hoteli, na wageni wakaziona rafu tupu kwa macho yao.

SADAKA NA WAKFU

Waislamu wa mwambao wanaijua tofauti iliyopo baina ya sadaka ya siku moja na wakfu. Sadaka humfaa anayeipokea, ikaisha. Katika wakfu, mali yenyewe hubaki, haiuzwi wala hairithiwi, na manufaa yake huendelea. Vitabu vimekuwa vikiwekwa wakfu tangu zamani. Katika maktaba ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimo vitabu vya kuandikwa kwa mkono vyenye maandishi ya kuviweka wakfu kwa ajili ya wanafunzi, na vingi vimewazidi umri waliovitoa.

Fikra kama hiyo ilimwongoza tajiri wa Marekani, Andrew Carnegie, ambaye kati ya mwaka 1883 na 1929 fedha zake zilijenga maktaba 2,509 katika nchi mbalimbali. Kwa kawaida mji uliotaka jengo ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka, kwa ajili ya uendeshaji, fedha zisizopungua asilimia 10 ya thamani ya zawadi. Hakutaka kujenga nyumba ambayo hakuna atakayeifungua.

Kipimo hicho chafaa kutumiwa na kamati ya dhifa. Kabla ya fedha kutolewa, halmashauri, kamati ya skuli na mwalimu mkuu waandikiane kwamba chumba kipo, mwalimu msimamizi ametajwa, na fungu dogo la kila mwaka limetengwa. Asiyeweza kuahidi hayo mwaka huu asubiri mwakani.

WAJIBU WA WATUMISHI WA SERIKALI

Mchango wa hisani ni wa hiari. Tanzania Bara iliondoa ada katika skuli za msingi mwaka 2002 na katika sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Zanzibar ilitangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964. Dhifa isiwe mlango wa nyuma wa kurejesha michango ya lazima kwa wazee wa watoto. Hakuna mtoto anayepaswa kunyimwa kitabu kwa sababu mzee wake hakununua kadi.

Hali kadhalika, mtumishi asiitumie ofisi yake kuwashurutisha wengine. Kenya iliona haja ya kuliweka jambo hili katika Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003, iliyomkataza ofisa kukusanya harambee katika ofisi yake au kutumia cheo chake kuwabana watu watoe. Mfanyabiashara anayesubiri leseni, akiletewa kadi na yule anayeitia saini leseni hiyo, hana hiari iliyobaki.

Kwa ufupi, kamati na watumishi wanaohusika wazingatie yafuatayo:

(a) Skuli zitakazonufaika zichaguliwe na kutajwa kabla ya kadi kuuzwa.

(b) Fedha zote ziingie katika akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na kila mtoaji apewe stakabadhi.

(c) Fedha taslimu na ahadi zitangazwe mbalimbali, na ahadi ziwe na tarehe ya kulipwa.

(d) Walimu waulizwe vitabu wanavyovihitaji. Vitabu vya msaada visivyolingana na lugha au mtaala visipokelewe kwa sababu tu ni vya bure.

(e) Hesabu, pamoja na gharama za karamu, zibandikwe mbao za matangazo za halmashauri na za skuli zilizonufaika.

(f) Baada ya miezi 12 itolewe taarifa moja zaidi: vitabu vingapi vimeazimwa, vingapi vimepotea, na mlango ulifunguliwa siku ngapi.

Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Dhifa ya kwanza huwapata wageni kwa upya wake, kwani kila mtu hutaka kuona jambo ambalo halijawahi kufanyika mjini kwao. Dhifa ya pili huwapata kwa daftari la kuazima vitabu. Kamati inayofikiria kuanza shughuli hii, iwe Mpanda au kwengineko, ni vyema iende kwanza skulini, ipime chumba, iulize nani atashika ufunguo, na ndipo ikatafute ukumbi.