Kweleakwelea na Panya Shamba

Wasomaji wetu wa Kasoli na vijiji vyote vya Bariadi wamezoea kumlaani kweleakwelea kuliko adui mwingine yeyote wa nafaka, wala hatuwalaumu. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, naye hula punje kadiri ya gramu 10 kwa siku. Basi kundi la ndege 1,000,000 laweza kumaliza magunia 100 ya kilo mia mia kabla jua halijatua. Huushukia mtama na uwele wakati punje zingali na maziwa. Wenye makombeo hupanda dunguni, watoto hupiga makopo, na madaftari ya shule hungoja mpaka mavuno yaishe.

Kwa kuchoka kuamia ndege, wengine wameacha mtama wakapanda mahindi, kwa kuwa punje ya mahindi ni kubwa mno kwa mdomo wa kweleakwelea. Hapo ndipo humwangukia adui wa pili, asiyepigiwa kelele na mtu. Panya shamba huja usiku mara mbegu zikiisha kufukiwa, akafuata mstari na kufukua punje moja moja kabla hazijaota. Asubuhi mwenye shamba husema mbegu ilikuwa mbovu, akapanda tena. Na mbegu ya pili aghalabu hutoka katika chakula cha watoto.

Kweleakwelea hutaga mayai matatu hivi. Panya jike huchukua mimba siku 23, akazaa wana kumi na zaidi, pengine hata 20. Tena mvua za kwanza humfukuza ndege, maana mbegu za nyasi zikichipua hukosa cha kuokota, akahamia mbali. Panya hahami, hukaa katika magugu ya mpakani akingoja jembe lako.

Yafaa basi kufyeka mipaka kabla ya kupanda, na majirani wapande siku zilezile, ili hasara isimwelemee mmoja. Wala bundi asiuawe. Sisi wenyewe tulipokuwa wadogo tulimpiga mawe tukimdhania mchawi, kumbe alikuwa akiwinda panya wetu. Baada ya mavuno, dungu la kuamia ndege lisivunjwe kwa kuni: bundi hupenda kutua mahali pa juu palipo wazi, apate kuona chini.