Mti Ulioitwa Tasa: Ziara Yetu Munyaka na Funzo la Kutambua Kabla ya Kuhukumu



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyeotesha ardhini kila aina ya mmea. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu zetu wasomaji, safari yetu ya hivi karibuni ilitufikisha Munyaka, mtaa wa mji wa Eldoret ambao jina lake kwa lugha ya Kikuyu lina maana ya bahati. Tulialikwa na jamaa zetu waliohamia huko kutoka pwani, tuwasomeshe akina mama darsa ya twahara. Baada ya sala ya Alasiri, tukiwa katika chai, mwenye nyumba alituletea mas'ala ambayo hatukuyatarajia.

Katika ua wake mna mti mrefu wenye kivuli kizuri. Aliukuta hapo aliponunua kiwanja, miaka 12 iliyopita. Kila mwaka mti hutoa maua, na kila mwaka hautoi hata tunda moja. Majirani wameuita mti tasa, na wako wanaonong'ona kwamba mti tasa uani huleta nuksi. Yeye alitaka kuukata ajenge vyumba viwili vya kupangisha, kwa kuwa karo za watoto zimemwelemea. Mkewe hakuridhika. "Shekhe," alisema, "tupatie hukumu, tumalize maneno nyumbani."

Tulimjibu upesi. Habari ya nuksi tuliikataa, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametukataza kuamini mikosi. Ama kukata, tulisema ardhi ni yake, mti hauzai, na hakuna ubaya. Ndipo mkewe, aliyekuwa chumba cha pili akitusikia, akauliza kwa adabu: "Shekhe, huo utasa wake ni nani aliyeupima?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeupokea ushahidi wa majirani bila ya kuuchunguza, sisi ambao kila siku tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba kadhi hahukumu kwa uvumi. Tukamwomba mwenye nyumba aweke panga chini mpaka asubuhi.

Jinsi ya kuutambua

Asubuhi aliitwa mzee jirani, mwalimu mstaafu wa elimu ya misitu. Hakuanza kwa maneno. Alivuta tawi la chini akatuonyesha majani yake. Kwanza, majani yamekaa mawili mawili, jani likielekeana na mwenziwe katika kijiti, wala hayakupishana. Pili, ukingo wa jani ni laini, hauna meno kama msumeno. Tatu, mishipa ya jani haiendi moja kwa moja hadi ukingoni, bali hupinda kama upinde na kuielekea ncha ya jani.

Kisha akalishika jani kwa mikono miwili, akalichana polepole kwa upana wake. Vipande viwili vilitengana, lakini cha chini hakikuanguka. Kilibaki kinaning'inia kwa nyuzi nyembamba kama za buibui, zitokazo ndani ya mishipa. Watoto wa nyumba walishangilia, kila mmoja akataka kuchana jani lake. Mzee aliwaonya kwamba iko mimea mingine yenye nyuzi, kwa hiyo alama hii peke yake haitoshi. Zikikutana zote nne, ndipo mtu apate yakini ya kuwa mti huu ni wa jamii ya Cornus.

Mti wenyewe wataalamu huuita Cornus volkensii, kwa kumkumbuka Georg Volkens, Mjerumani aliyekusanya mimea ya Kilimanjaro katika miaka ya 1890. Ndugu zake wako wengi Ulaya, Asia na Marekani, na wengine hupandwa bustanini kwa uzuri wa maua yao. Lakini katika Afrika iliyo kusini ya Sahara, huu ndio mwenyeji wa asili wa jamii hiyo. Hupenda nyanda za juu zenye ubaridi, hasa kandokando ya vijito vya misitu ya milimani kama ile ya Mlima Kenya, Aberdare na Mau. Sisi wa pwani hatukuwa na jina lake kwa kuwa hauoti kwetu. Katika makala hii tutauita mkornusi.

Kwa Kiingereza jina lake likifasiriwa neno kwa neno huwa kama "mti wa mbwa". Binti mmoja wa darsa yetu alipolisikia akauliza kama mti huo ni najisi, na kama nguo ikianikwa juu yake itahitaji kuoshwa mara saba. Swali la mwanafunzi halichekwi. Tulimjibu kwamba asili ya vitu ni twahara, na jina walilotoa watu haligeuzi dhati ya kitu. Anike nguo zake bila ya wasiwasi.

Tahadhari nyingine ni kwamba jina hilo hilo la Kiingereza hutumiwa na baadhi ya watu kwa kichaka kingine cha nyanda za juu, ambacho ndugu zetu wa Ethiopia hukiita gesho na kukitia katika vinywaji vyao vya kulewesha. Hicho si mkornusi. Majani ya gesho hupishana kijitini, hung'aa sana, na ukingo wake una meno madogo. Anayekwenda kununua mche asitosheke na jina, bali aangalie jani.

Tasa au dume?

Baada ya hapo kijana wa nyumba alipanda ngazi akaleta kishada cha maua. Maua ya mkornusi ni madogo mno, kila moja lina petali nne. Mzee aliligonga ua moja kwenye kucha yake, na unga wa chavua ukabaki hapo. Akalipindua atafute kiuvimbe chini ya petali, mahali ambapo tunda huanzia katika ua la kike. Hakikuwako. "Mti huu si tasa," alisema. "Mti huu ni dume."

Mkornusi ni katika mimea ambayo mti mmoja huwa dume na mwingine jike. Dume hutoa chavua wala halizai abadani, hata likiishi miaka mia. Jike ndilo lizaalo matunda, nayo huwa mekundu kisha hugeuka zambarau yakiiva, na ndege huyafuata. Lakini jike nalo, kama hakuna dume la karibu ambalo wadudu wataweza kuchukua chavua yake, halitazaa.

Tuliona haya. Mtu wa pwani anaujua mpapai dume tangu utotoni, na anayesoma sira anaijua mitende ya Madina. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaona watu wa Madina wakiipandikiza mitende yao chavua ya dume. Alipoonyesha kwamba haoni faida yake, waliacha, na mazao yakapungua. Akawabainishia kwamba katika mambo hayo ya dunia yao wao wana ujuzi zaidi. Ikiwa mbora wa viumbe ameuheshimu ujuzi wa wakulima, sisi ni nani hata tuuhukumu mti tusioujua jinsia yake?

Hatuwezi kuliacha neno hili la utasa bila ya kulirejesha majumbani mwetu. Katika vikao vya suluhu tumeketi na wake walioitwa tasa na mawifi na mama wakwe, wengine wakaletewa mke mwenza, wengine wakapewa talaka, na mume hajawahi kufika kwa daktari hata mara moja. Madaktari wanajua kwamba sababu yaweza kuwa kwa mke, yaweza kuwa kwa mume, na yaweza kuwa kwa wote wawili. Watoto ni majaaliwa ya Mola, Humpa Amtakaye. Lakini kumbebesha mwanamke aibu kabla ya wawili wote kupimwa ni dhulma, na mwenye kudhulumiwa dua yake haina pazia. Enyi wanaume, nendeni pamoja na wake zenu. Enyi akina mama wa mume, zuieni ndimi zenu.

Jinsi ya kuupanda

Kwa familia zetu zilizoko Eldoret, Nyeri, Arusha na kwingine penye ubaridi, haya ndiyo tuliyoyapata kwa mzee yule. Walioko Mombasa au Lamu wasijitaabishe, joto letu haliufai.

Msiende msituni kung'oa miche. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa kitu katika misitu ya serikali bila ya kibali, na mche ulioibwa hauna baraka. Ulizeni katika vitalu vya miti ya asili, katika ofisi za Huduma ya Misitu, au katika kituo cha mbegu cha KEFRI kilichoko Muguga.

Mkipata matunda yaliyoiva, yaondoeni nyama, oshea kokwa, kisha zipandeni zingali mbichi katika udongo mwepesi wenye mboji, chini ya kivuli. Kokwa zake ni ngumu na huchelewa kuota. Msizimwage kwa kuwa mwezi umepita.

Miche ipandwe mvua za masika zikishika, ambazo Eldoret huanza kati ya Machi na Aprili. Chimbeni shimo la sentimita 60 kwa 60, changanyeni udongo wa juu na samadi iliyooza. Mti huu hukua mkubwa, hivyo uwe mbali na ukuta, paa na shimo la choo, hatua kumi au zaidi. Uzungushieni uzio dhidi ya mbuzi, na funikeni shina kwa majani makavu yasiliguse gome. Katika kiangazi cha Desemba hadi Februari maji ya udhu yanatosha kuunywesha. Yakusanyeni katika ndoo, isipokuwa yaliyotiwa sabuni.

Lililo kubwa ni hili: mche wa mbegu hauonyeshi kama ni dume au jike mpaka utoe maua. Mwenye kupanda mmoja hajui alichopanda. Wa kupandwa ni mitatu, minne au zaidi. Na kiwanja cha futi 50 kwa 100 chenye nyumba na vyumba vya wapangaji hakiwezi kubeba miti minne. Basi dawa yake ni ujirani. Nyumba hii ipande mmoja, nyumba ya pili mmoja, madrasa mmoja, na nyuki watapita juu ya kuta zetu bila ya kubisha hodi.

Hivyo ndivyo walivyoafikiana Munyaka. Mwenye nyumba alikaa na mkewe wakapiga hesabu upya, na sasa anajenga chumba kimoja upande wa pili wa ua badala ya viwili. Kipato kitapungua, na alitueleza hilo waziwazi. Mzee ameahidi kuwatafutia miche, na majirani watatu, wawili wao si Waislamu, wamekubali kupokea. Mmoja wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuita mti tasa.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Katika ua ule wa Munyaka, dume lisilozaa litakuwa na fungu lake katika kila tunda litakaloliwa na ndege kwa jirani.

Tunamwomba Allah Atusamehe haraka yetu, na Azijaalie nyumba zetu kuwa nyumba za insafu. Wallahu aalam.