Sunscreen Si Makeup! Mbona Hii Losheni Haifai Kutolewa Kwa Sanduku la Mwanafunzi

Cheki hii picha. Ni siku ya kufungua shule, uko kwa laini hapo Kanyakine, sanduku wazi, na mwalimu wa zamu anapekua. Biskuti, toa. Lipstick, toa. Halafu anashika chupa ya sunscreen. Hiyo nayo, inatoka ama inabaki?

Kwa wasee wengi hiyo ni story ndogo. Lakini kwa mwanafunzi mwenye ualbino, hiyo chupa ni dawa.

Iko hivi. Mtu mwenye ualbino mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha, ile rangi inayokinga ngozi na macho. Bila hiyo kinga, parade moja ndefu inatosha kuichoma ngozi. Akichomeka hivyo miaka nenda miaka rudi, mwisho wake unaweza kuwa kansa ya ngozi. Macho pia huona kwa shida, hata akivaa miwani.

Na usidhani ju Meru kuna baridi uko safe. Joto na miale ya UV ni vitu mbili tofauti. Kanyakine iko karibu kabisa na ikweta, tena kwa miteremko ya Mount Kenya. Kila ukipanda mita 1,000, UV huongezeka kwa kama asilimia 10. Hata ile baridi ya Julai inadanganya, maana mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya hiyo miale. Umevaa sweta, unatetemeka, na bado uso unachomeka.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino Kenya. Habari njema ni kwamba serikali hupeana sunscreen bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Unapimwa na daktari, unasajiliwa na baraza, halafu unachukua losheni kwa hospitali ya umma inayoigawa. Kama una ndugu ama rafiki hajasajiliwa, mchanue.

Si Kenya pekee hii mambo huleta kizaazaa. Marekani sunscreen huhesabiwa kama dawa ya dukani, so kuna shule zilikuwa zinadai barua ya daktari, hadi majimbo kadhaa, California ikiwemo, yakapitisha sheria ya kuiruhusu. Australia nao shule nyingi ziko na sheria fupi: huna kofia, huchezi kwa jua.

Sasa rada ya shule ni hii:

1. Mzazi, beba barua ya hospitali siku ya kufungua. Ikae kwa faili ya mwalimu wa darasa, ndio kusiwe na maswali kila wiki.

2. Tumia SPF 30 kwenda juu. Pakaa dakika 15 hivi kabla ya kutoka nje, urudie kila saa mbili. Usisahau masikio, shingo na midomo.

3. Losheni peke yake haitoshi. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu na suruali ama sketi ndefu, hata kama sare ya wengine ni fupi. Hapo shule ikubali.

4. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana jua ni kali zaidi. Parade na PE zihamie asubuhi mapema, ama asimame kwa kivuli.

5. Darasani akae mbele, mbali na dirisha lenye jua.

Na wewe wa cube yake, hii ni yako. Tunajua vile mafuta huombwa boarding, chupa inazunguka dorm nzima hadi inaisha. Hiyo usiombe. Haikufanyi uwe mweupe, na ikiisha katikati ya term, ni yeye atachomeka, si wewe.

Na usimuite zeruzeru. Ana jina.