LSD: KIKARATASI KIDOGO, HATARI KUBWA

Bangi mzazi huitambua kwa harufu na pombe kwa pumzi. LSD haina rangi, harufu wala ladha. Hudondoshewa kwenye vikaratasi vyenye picha, vidogo kuliko stempu. Mzazi aweza kukifagia asijue ni nini.

Ilitoka wapi?
Mwaka 1938 mkemia Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz, Basel, Uswisi, alitafuta dawa ya kuamsha mzunguko wa damu na upumuaji. Alitumia asidi ya lisejiki, itokanayo na kuvu inayoota kwenye masuke ya nafaka, akaiunganisha na diethilamini. Tarehe 19 Aprili 1943 alimeza robo ya miligramu tu. Alirudi nyumbani kwa baiskeli akiona vitu vikipindapinda, akaogopa kwamba amepata wazimu.

Hufanya nini mwilini?
Ubongo hutumia kemikali iitwayo serotonini kupeleka habari kati ya seli. LSD hufanana nayo, hivyo hukalia mahali pake. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha kwamba sehemu ya kipokezi huifunika kama kifuniko cha chungu, isitoke upesi. Dalili huanza baada ya dakika 30 hadi 90, na huweza kudumu saa 12: mboni za macho kutanuka, moyo kwenda mbio, kuona yasiyokuwepo, hofu kali. Penye ugonjwa wa akili katika ukoo, hatari huzidi.

Jihadhari na bandia
LSD yenyewe ni nadra kuua. Wengi huumia kwa ajali wakiwa wamechanganyikiwa. Lakini kemikali za kundi la NBOMe huuzwa kwa vikaratasi vile vile kwa jina la LSD. Hizo huleta degedege na joto kali la mwili, na zimekwisha kuua watu.

Ufanye nini?
1. Mweke mgonjwa mahali patulivu, penye mwanga hafifu. Usimwache peke yake.
2. Sema naye kwa upole. Usimpige, usimfunge kamba.
3. Akipata degedege, akizimia, akiumwa kifua au mwili ukichemka, mkimbize hospitali.
4. Chukua kikaratasi kilichobaki, utueleze ukweli wote.

Ndugu mzazi, aibu isikucheleweshe. Sisi wauguzi twahitaji kujua alichomeza, ili tumtibu.