Goti la Mshambuliaji na Saa ya Maumbile

Kila unapofika mwezi wa Januari, baraza za Mji Mkongwe wa Unguja huwa na mazungumzo mawili yanayokwenda pamoja: Kombe la Mapinduzi na dirisha dogo la usajili. Kuanzia Jaws Corner hadi Malindi, kahawa humiminwa, magazeti hufunuliwa, na jina la mshambuliaji fulani hupita kinywa hadi kinywa. Atauzwa au hauzwi? Na lile goti lake, limepona? Hapo ndipo baraza hugawanyika. Mmoja hushikilia kwamba kijana amechuliwa vizuri na Jumamosi atacheza. Mwingine hujibu kwamba goti likishakwenda ndio limekwenda. Kwa hakika wote wawili wamekosea. Yafaa sababu za kukosea kwao zichunguzwe, maana zinamhusu pia kijana wa shule asiyekuwa na daktari wa timu.

Usajili uliotokana na jeraha

Tarehe 1 Januari 2020, katika mchezo wa Ligi Kuu ya Uingereza uliochezwa Burnley, mshambuliaji Mbrazili wa Aston Villa, Wesley Moraes, aliumia goti baada ya kukabiliwa na mlinzi. Ligamenti moja ya goti lake ilikuwa imeharibika vibaya. Klabu ikabaki bila mshambuliaji wake wa kutegemewa, na tarehe 20 ya mwezi huo huo ikamsajili Mbwana Samatta kutoka Genk ya Ubelgiji. Hivyo Samatta, aliyekwisha kupitia Simba na TP Mazembe ya Lubumbashi, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Tarehe 1 Februari, katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, alifunga bao dhidi ya Bournemouth, na Watanzania wa bara na visiwani wakashangilia.

Wesley naye hakurudi mchezoni hadi Aprili 2021, yaani miezi 15 baada ya kuumia. Klabu yake ilikuwa na fedha, madaktari na mitambo. Kwa nini basi haikuweza kuiharakisha siku hiyo?

Kamba iliyo ndani ya goti

Gotini hukutana fupa la paja na mfupa wa muundi, na mbele yake hukaa kilegesambwa. Katikati ya mifupa hiyo kuna ligamenti mbili zinazopishana kama herufi X, na kwa ajili hiyo huitwa ligamenti za msalaba. Ile ya mbele, ambayo ndiyo iliyomuumiza Wesley, ina urefu wa sentimita 3 hivi tu. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele na usijipinde kupita kiasi mchezaji anapogeuka.

Ligamenti hiyo imeundwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Muundo wake unafanana na kamba ya usumba wanayosokota akina mama wa Paje na Jambiani: uzi mmoja hukatika kwa vidole, lakini nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja huvuta ngalawa. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba ligamenti ya mbele ya kijana huhitaji nguvu ya newtoni 2,160 hivi ili ikatike. Nguvu hiyo inazidi uzito wa magunia mawili ya mchele ya kilo 100 kila moja.

Ajabu ni kwamba mara nyingi haikatwi na mpinzani. Katika kila majeraha kumi ya aina hii, saba hivi hutokea bila ya mchezaji kuguswa. Hukimbia, huukita mguu, kisha hugeuka ghafla. Unyayo hubaki pale pale, kiwiliwili huzunguka, na goti huingia ndani. Uchunguzi wa picha za video umeonyesha kwamba ligamenti hukatika kiasi cha sehemu 40 za elfu za sekunde baada ya unyayo kugusa ardhi. Muda huo hautoshi ubongo kupata habari na kutoa amri. Kwa hiyo si haki kumlaumu mchezaji kwamba alizembea.

Kwa nini haiponi upesi

Mfupa ukivunjika, damu huganda penye ufa, na kutoka katika bonge hilo seli huanza kujenga upya. Ligamenti ya msalaba haina bahati hiyo. Imezungukwa na ute wa kiungo, na ute huo huyeyusha bonge la damu kabla halijafanya kazi yake. Ncha mbili zilizokatika hubaki mbalimbali. Kuchua kwaweza kulegeza misuli iliyokakamaa, lakini hakuwezi kuziunganisha ncha hizo.

Kwa hiyo daktari wa upasuaji huchukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, ama chini ya kilegesambwa ama nyuma ya paja, na kukipitisha katika matundu yaliyotobolewa mifupani. Upasuaji wa goti kwa kamera ndogo hufanyika hapa nchini pia, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Kipande hicho hufika mahali pake kipya bila mishipa yake ya damu. Katika majuma ya kwanza seli zake nyingi hufa. Baadaye mishipa mipya huota, seli mpya huingia, nyuzi za zamani hubomolewa na nyingine huwekwa. Kwa sababu ya ubomoaji huo, katika miezi ya mwanzo kipande huwa dhaifu kuliko siku kilipopandikizwa. Na hicho ndicho kipindi ambacho uvimbe umekwisha, mchezaji anatembea vizuri, na mashabiki wanauliza kwa nini hachezeshwi. Maumivu huondoka kabla nguvu hazijarudi.

Mwaka 2016 watafiti wa Norwei na Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili watu 106 waliofanyiwa upasuaji huo. Kila mwezi mmoja wa kungoja, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa karibu nusu. Waliorudi michezoni bila kufaulu vipimo vya nguvu na vya kuruka waliumia tena kwa asilimia 38. Waliofaulu, kwa asilimia 6 tu.

Haya ndiyo anayoyatafuta daktari kabla ya mkataba kutiwa saini. Huuvuta muundi kwa mikono, husoma picha zilizopigwa kwa nguvu ya sumaku, kisha hupima nguvu za miguu yote miwili. Mguu mzima ndio kipimo cha mguu ulioumia. Usipofikia angalau asilimia 90 ya mwenzake, bado. Mchezaji anayeficha maumivu ili asikose usajili huuza goti asilokuwa nalo.

Wajibu wa shule

Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 na kukarabatiwa mwaka 2023, huwa na wauguzi pembeni. Viwanja vya shule havina. Lakini kinga ipo, nayo haina gharama. Mwaka 2008 Norwei ilitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wasichana wapatao 1,900 wa miaka 13 hadi 17. Waliotumia mazoezi ya dakika 20 ya kupasha mwili, yajulikanayo kama 11+, walipata majeraha machache kwa theluthi moja, na yale makubwa yalipungua kwa karibu nusu.

Mwalimu anaweza kuanza kesho. Wanafunzi wafundishwe kutua kwa magoti yaliyokunjwa, goti likielekea vidoleni, lisiingie ndani. Wafanye zoezi la kupiga magoti, mwenzao akiwashika vifundo vya miguu, huku wakiinama mbele polepole. Hilo huimarisha misuli ya nyuma ya paja, ambayo huisaidia ligamenti kuuzuia muundi. Katika somo la hesabu, kila mwanafunzi mzima wa miguu aruke mara tatu kwa mguu mmoja, umbali upimwe, kisha atafute asilimia ya mguu dhaifu kwa mguu wenye nguvu.

Na kijana ambaye goti lake limevimba muda mfupi baada ya kugeuka ghafla uwanjani asichuliwe, wala asirudishwe mchezoni kipindi cha pili. Apumzishwe na apelekwe hospitali, hata kama kesho yake ni fainali.