Tangi la Samaki na Mkono wa Mnunuzi

Mnunuzi aingiapo katika duka la samaki wa mapambo huvutwa kwanza na rangi. Maji ni maangavu, taa zinawaka, samaki wanapishana nyuma ya kioo. Pengine huingiza mkono majini ili amwoneshe muuzaji yule aliyempenda. Ikiwa mkono huo una mchubuko, ugonjwa waweza kupata njia.

Ugonjwa huo huletwa na bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1926, baada ya kuonekana katika samaki waliokufa kwenye matangi ya maonyesho mjini Philadelphia, Marekani. Mwaka 1954 watafiti wa Sweden walithibitisha kwamba huwapata binadamu pia, baada ya kuwachunguza watu waliopata vidonda kutokana na bwawa la kuogelea. Hauambukizi kutoka mtu hadi mtu.

Kwa hiyo, kulikagua tangi kabla ya kununua ni kumhurumia samaki na kuulinda mkono pia. Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba maji maangavu si ushahidi wa usafi. Amonia itokanayo na samaki wenyewe na mabaki ya chakula haina rangi, nayo huunguza matamvua. Ukali wake huongezeka katika maji ya magadi, kama yale yanayowafaa samaki wa Ziwa Tanganyika. Mnunuzi ana haki ya kuomba maji yapimwe mbele yake: amonia na nitriti zinapaswa kuwa sifuri.

Baada ya maji, watazamwe samaki. Wanaohemea juu ya maji wamekosa hewa, au matamvua yao yameharibika. Mapezi yaliyobanwa mwilini na vidoadoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi ni dalili za maradhi. Tumbo lililobonyea ilhali samaki anakula, uti wa mgongo uliopinda, macho yaliyotokeza na vidonda ubavuni huweza kuwa dalili za kifua kikuu cha samaki, ingawa vyanzo vingine vipo. Mzoga ulioachwa tangini ni onyo kubwa, kwa kuwa samaki hula mizoga na kwa njia hiyo huambukizwa. Aulizwe pia muuzaji kama matangi yote yanatumia maji na nyavu zilezile. Ikiwa ndivyo, ugonjwa wa tangi moja ni ugonjwa wa duka zima.

Hata hivyo, samaki mwenye afya kwa macho aweza kubeba bakteria hawa. Mwenye jeraha mkononi avae glavu ndefu zisizopenya maji, au asubiri lipone. Asivute maji ya tangi kwa mdomo kupitia mpira, wala asioshe vifaa vya tangi katika sinki la jikoni. Kila amalizapo, anawe kwa sabuni. Mwenye kinga ya mwili iliyopungua ni heri amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Kwa tabibu, mgonjwa huyu ni rahisi kumkosea. Kinundu hujitokeza kidoleni au mgongoni mwa kiganja wiki 2 hadi 4 baada ya mchubuko, na wakati mwingine baada ya miezi kadhaa, hata mgonjwa amesahau alipojikwaruza. Hakiumi sana. Huweza kuchimbika kikawa kidonda, kisha vinundu vingine vikafuatana kuupanda mkono kama shanga. Dawa za jamii ya penisilini hazikiponyi. Kikiachwa, maambukizi huweza kufika kwenye kano, viungo na mifupa.

Bakteria huyu hupenda joto la takriban nyuzi 30, ndiyo maana hukaa katika ngozi ya mikono, iliyo baridi kuliko kifua au tumbo. Maabara ikiotesha sampuli kwa nyuzi 37 pekee, yaweza isimwone. Hivyo kipande cha nyama kitumwapo, barua itaje tangi la samaki. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu chaweza kuwa chanya bila kifua kikuu kuwapo. Tiba huchukua miezi, mara nyingi kwa dawa mbili kwa pamoja, kama vile klarithromaisini na ethambutoli, na huendelezwa mwezi 1 hadi 2 baada ya ngozi kupona. Isoniazidi na pirazinamidi hazimwui.

Mgonjwa mwenye kidonda cha mkono kisichopona asingoje kuulizwa. Aseme tangu mwanzo kwamba anafuga samaki, anawauza, au huwasafisha matangi yao. Naye mhudumu amwonapo mgonjwa wa namna hiyo, aulize kazi za mikono yake kabla ya kuandika dawa nyingine.